Fundi Edson na feni ya nyuma ya Mama Jashvant

Saa nne asubuhi. Jua la Oktoba limeshaanza kuchoma mabati ya uwanja wa magari ulio nyuma ya soko la Shinyanga, na Edson Masele amepiga magoti ndani ya basi dogo jeupe, kichwa kimezama chini ya kiti cha nyuma. Mkononi ameshika taa ndogo ya kupimia umeme. Nyuma yake, karibu kiasi cha kumpumulia shingoni, kuna mtu anayemkodolea macho kila akinyoosha mkono.

Huyo ni Jashvant, mwenye gari, muuza vitenge na vyombo vya nyumbani anayefahamika mji mzima. Leo hakuja kutengenezewa gari tu. Amekuja kumshika mwizi.

Feni ya nyuma, ile inayosukuma hewa baridi kwa abiria wa viti vya nyuma, imekufa. Agosti mwaka huu wa 1997, Edson aliifunga mota nzima iliyonunuliwa Mwanza, ikavuma vizuri. Septemba gari likapelekwa Geita kupakwa rangi, likakaa huko siku tisa. Liliporudi lililala usiku mmoja hapa uwanjani kwa Edson, kurekebishwa taa za mbele. Kesho yake, feni kimya.

"Mpaka rangi wa Geita ameapa hakugusa ndani," anasema Jashvant, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Sasa amebaki nani? Mota yangu nzima imetolewa, nimewekewa kopo!"

Edson anatoa kichwa chini ya kiti. Ana miaka thelathini na nne, mwembamba, mpole hadi anaudhi. Lakini leo roho iko juu. Asubuhi hiyohiyo Bi Mwamvua, mwenye uwanja, alimwambia bila kupepesa macho kwamba lalamiko moja tu la wizi likithibitika, afungashe spana zake aondoke. Amekaa hapa miaka mitano. Kwa siku anapata shilingi elfu mbili, siku njema elfu nne, na zote zinatoka kwa watu wanaomjua kwa jina. Jina hilo likichafuka, hana uwanja wala mteja.

Na si mara ya kwanza kuitwa mwizi. Mwaka 1992 alikuwa Rwamgasa, akitengeneza jenereta na pampu za kutolea maji kwenye mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, huko Geita. Siku moja waya za shaba za jenereta zikapotea. "Hawakuuliza," husimulia akiulizwa, akionyesha pengo la jino. "Waliuliza baada ya kunipiga. Waya zikaonekana kwa mwenye shimo mwenyewe. Pole sikupewa."

Tangu siku hiyo ana utaratibu unaowachekesha mafundi wenzake. Kifaa chochote kizima anachokifunga, hukikwaruza kwa ncha ya msumari: E.M. na mwezi. Kilicho kibovu hukikwaruza alama ya X, akakitia kwenye mfuko na kumkabidhi mwenye gari mkononi. Wenzake vyuma vibovu huviuza kwa kilo. Yeye huvirudisha, hata kama mwenyewe havitaki.

"Haya fungua, tuone!" anasema Jashvant.

"Subiri, bosi. Nikianza kwenye mota utasema nimeificha mimi. Tuanze mwanzo, uone kwa macho yako."

Anaanza na fyuzi. Nzima. Anabonyeza swichi ya nyuma, anachomeka taa yake kwenye plagi ya feni, na taa inawaka. Anamgeukia Jashvant: umeme unafika mpaka hapa, waya hazina kosa. Kisha anavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri na kuigusisha mota moja kwa moja. Hakuna kitu. Hata kukoroma haikoromi.

"Mota imekufa," anasema.

"Si ndivyo nilivyosema!" Jashvant anapiga kofi paja lake, anamgeukia mwenye uwanja aliyekaa kivulini. "Bi Mwamvua, umesikia? Amekiri mwenyewe!"

Kwenye kiti cha mbele, mlango ukiwa wazi, ameketi Lataben, mama yake Jashvant, mwanamke wa miaka sabini na kitu aliyezaliwa hapahapa Shinyanga. Amejifunika ushungi wa pamba, anajipepea kwa kipande cha boksi. Tangu wafike, baada ya kuitikia shikamoo ya fundi, hajatamka neno. Na dereva wao, Ngassa, aliyerudi jana tu kutoka msibani Songwa, amesimama mbali kabisa karibu na uzio. Edson amemwona. Kila macho yao yakikutana, Ngassa anatazama viatu vyake. Huyu ana lake jambo, anawaza fundi.

Anafungua skrubu tatu, anaitoa mota, anaifuta vumbi kwa kitambaa. Anaigeuza. Halafu anaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni.

Ubavuni mwa mota pamekwaruzwa X.

Hii ndiyo mota mbovu aliyoitoa Agosti. Aliitia kwenye mfuko mweusi, akaenda nayo hadi dukani, na kwa kuwa Jashvant hakuwepo, akaikabidhi mikononi mwa mama mzee. Kwa maneno mengine, kopo hili limetoka nyumbani kwao. Lakini utasemaje hivyo mbele ya mtoto, naye mama anasikia?

"Vipi?" Jashvant anauliza. "Umekwama?"

"Bosi, hii mota naijua. Alama hii ni yangu. Hii ni ile mbovu." Edson anamwonyesha ile X. "Nilimpa Mama Jashvant mwenyewe, dukani, mkononi."

Wee! Hata fundi wa pancha anaacha kugonga tairi.

"Unamwita mama yangu mwizi?" Jashvant amesogea mpaka pua zinakaribia kugusana. "Mama yangu? Twende polisi sasa hivi!"

"Sijamwita mwizi, bosi. Nimesema nilimpa. Muulize."

"Nimuulize mama yangu kwa sababu yako wewe?"

Bi Mwamvua amekwisha simama, mikono kiunoni. Edson anaangalia sanduku lake la spana, kama mtu anayepima uzito wake kabla ya kulibeba.

Kipande cha boksi kinaacha kupepea. "Jashvant," anaita Lataben, "acha kelele. Ni kweli alinipa."

Kisha anaeleza, bila haya hata kidogo. Gari lilipokuwa linakwenda Geita, yeye hakulala. "Kule watu wanafukua mpaka chini ya mawe. Watashindwa kufukua gari?" Basi akamwita Ngassa kwa siri, akamwapisha, wakaitoa mota nzima na kuweka ile mbovu. Mwenye kuiba na aibe kopo. Gari lilirudi Ngassa akiwa msibani, hivyo hakukuwa na wa kuirudisha.

"Na jana, mama? Ngassa alirudi jana! Mbona hukusema?"

"Nilitaka kumwona huyu." Anamwelekezea Edson kidole. "Angesema mota imeungua, nunua nyingine, ningejua ni mwongo kama wengine. Ngassa, nenda. Iko kwenye debe la unga wa dengu."

Baada ya nusu saa mota inafika imefungwa kwenye nailoni mbili, na bado imeingia unga. E.M. 8 ipo palepale. Edson anaifunga, anabonyeza swichi. Feni inavuma na kumpulizia Jashvant unga wa njano usoni na kwenye shati. Uwanja mzima unacheka hadi Ngassa, ambaye sasa amepata ujasiri wa kusogea.

Jashvant anajikung'uta, anatoa noti. Edson anaisukuma kando kwa mkono wenye grisi. "Kwanza mwambie Bi Mwamvua. Kwa sauti ileile."

Jashvant anatazama chini, anatazama juu. "Bi Mwamvua," anasema hatimaye, "fundi hana kosa. Kosa ni la nyumbani kwetu."

Bi Mwamvua anarudi kukaa. Sanduku la spana linabaki lilipo. Edson anapumua, na macho yanamlenga machozi, asijali nani anaona.

Mipango yake ni kukodi eneo lake mwenyewe, mwakani Mungu akipenda. Hataki kuta. Anataka nguzo na wavu wa kuku pande zote nne, na benchi ndani, ili mwenye gari akae na kutazama mpaka achoke. "Watu hawatatuamini sisi mafundi," anawaambia Jashvant na mama yake. "Basi waone."

Lataben amehamia kiti cha nyuma, hewa inampepea ushungi. Ananyoosha mkono nje ya dirisha, anataka ile mota mbovu. Edson anaitia kwenye mfuko na kumkabidhi.

"Wabeja," anashukuru kwa Kisukuma. Gari linapoanza kuondoka anaongeza: "Hilo benchi lako liwe na mgongo, fundi. Mimi nitakuwa nakaa sana."