Jina la Mtu wa Vali

Mwaka wa 1996, mvua za kwanza zilipoanza kunyesha mjini Baraka, nilimpoteza Muhoza, mwenzangu wa kazi, mtu wa vali. Ninaliandika hilo mwanzoni kwa sababu wanaoniuliza habari za mabomba ya kuzimia moto ya depo ya pamba hupenda nieleze mabomba tu, na yeye nimruke. Simruki. Bila yeye mabomba yale yalikuwa vyuma vitupu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa kijana niliyeishia darasa la sita. Depo ilikuwa jengo la matofali la ghorofa tatu karibu na ziwa, na pamba ya vijiji vya tambarare ilikaa humo ikingoja meli. Mekanisie mkuu, yaani fundi wa mitambo, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, alinisimamisha mlangoni.

"We kijana, humu ndani muko nini?"

"Mali ya kampuni, Shefu."

"Hapana. Humu muko moto. Umelala tu. Kazi yako ni kulala kidogo kuupita."

Kisha akanizungusha. Kwenye mwinuko nyuma ya jengo palikuwa na sitanki ya saruji, tangi la maji. Kutoka sitanki, bomba nene la chuma lilishuka chini ya ardhi hadi kwenye kibanda kidogo cha matofali, na ndani ya kibanda kulikuwa na vali kuu. Kutoka hapo bomba liliingia katika jengo na kupanda wima kwenye kona ya ngazi, ghorofa kwa ghorofa. Hilo tuliliita nguzo. Katika kila ghorofa nguzo ilitoa mkono mmoja wenye robine ya kufungulia, na pembeni yake sanduku jekundu lenye tiyo, mpira wa maji wa turubai, iliyokunjwa. Mwisho wa tiyo ulikuwa lansi, yaani ule mdomo wa shaba ambao mtu anaushika na kuuelekeza kwenye moto.

Nguzo yetu ilikuwa kavu. Wakati wa kawaida haikuwa na tone la maji ndani, kwa sababu bomba likivuja juu ya pamba, robota lililoloa hujipasha joto lenyewe na kuleta moto uleule unaoukimbia. Kwa hiyo kazi ilitaka watu wawili. Wa lansi alikimbia ghorofani, akatandaza tiyo, akashika mdomo. Wa vali alikaa kibandani, asione chochote, akingoja kuitwa.

"Ukiwa tayari utaita nini?" mekanisie mkuu aliniuliza.

"Nitaita maji, Shefu."

"Maji kila mutu ataita. Mwenye kuungua ataita, mwenye kuogopa ataita, hata mwenye kiu. Wa vali akifungua kwa kila kelele, tiyo itajaa wakati wewe ungali kwenye ngazi, ikupige kama nyoka. Utaita jina la mutu wa vali. Jina lake tu. Akilisikia, anafungua."

Ndiyo maana jina la mtu wa vali liliandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kila sanduku na juu ya mlango wa kibanda, ili hata mgeni ajue aite nani. Tena kulikuwa na sheria: jina hilo hufutwa na mwenyewe, kwa mkono wake, siku anapokabidhi ufunguo wa vali. Mtu mwingine haligusi. Nilipoanza, ukutani palikuwa na jina la mzee mmoja wa Lweba. Siku alipostaafu nilimwona akipanda ghorofa moja baada ya nyingine na kisu cha jikoni, akilikwangua jina lake taratibu, asitake kusaidiwa.

Baada yake alikuja Muhoza. Alikuwa ameshuka kutoka milima ya Minembwe na ng'ombe wa kuuza, akabaki, akawa zamu, mlinzi wa mlango, kisha wa vali. Alikuwa mrefu, mwenye haya, na Kiswahili chake kilikuwa na mlima ndani yake. Wachukuzi wa pamba walimchokoza.

"We Muhoza, unafungua vali kama unakamua ng'ombe."

"Ndiyo maana haijanipiga teke," alijibu.

Hakuwa akitania tu. Vali ya nguzo kavu ikifunguliwa kwa haraka, maji husukuma hewa mbele yake, yakafika juu kwa kishindo na kupasua viungio vya shaba. Anayeijua kazi hufungua robo ya mzunguko, asikilize, robo nyingine, asikilize. Nilifanya kazi na wengine kabla na baada. Hakuna aliyekuwa na mkono wa Muhoza.

Moto mkubwa tulioupata wakati wa amani ulianzia ghorofa ya pili, kwenye mashine ya kufunga marobota. Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba niliikunjua tiyo kwa kupapasa. Niliita jina lake mara moja. Nikasikia hewa ikipuliza puani mwa lansi, kisha tiyo ikavimba pole mikononi mwangu. Jioni direkta alikuja na viatu vyake vyeupe akauliza ni nani aliyefungua maji.

"Soma ukuta, Bwana Direkta," mekanisie mkuu akasema.

Baadaye nilipelekwa Fizi, kwenye bureau, ofisi ya kampuni mlimani. Huko kulikuwa na masanduku mawili tu, na shefu wa bureau alitumia tiyo kuoshea gari lake. Nilimwambia aache. Aliniuliza kama ninajua ninaongea na nani. Tangu siku hiyo, kila jioni nilifungua lansi na kwenda nayo nyumbani, nikalala nayo chini ya kitanda. Aliniandikia onyo. Gari lilibaki na tope. Nilipomaliza zamu yangu huko nilirudi Baraka, lakini kila msimu nilipanda tena Fizi kukagua.

Nilikuwa kwenye ukaguzi huo vita vilipotufikia. Niliporudi Baraka, siku kadhaa baadaye, kwa njia za mashambani, familia za watu wa mlimani, wa kabila la Muhoza, zilikuwa hazipo mjini. Wengine walikimbia. Wengine walichukuliwa na watu wenye silaha, na Muhoza alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Mkewe na watoto, Mungu asifiwe, walikuwa wamepanda Minembwe tangu kiangazi. Nimesimuliwa mengi kuhusu alivyokufa. Sikuona, kwa hiyo siandiki. Sijui amelala wapi.

Ninachokijua ni hiki. Asubuhi ya siku ile alikuja nyumbani kwangu. Mke wangu, Mama Alimasi, alikuwa akitwanga.

"Mama Alimasi, huu ufunguo wa vali. Baba Alimasi akirudi mupe. Musiache kutia mafuta, ni msimu wa kutu."

"Ingia ndani, Baba. Utajificha hapa."

"Wataunguza nyumba yenu. Na mutu wa lansi hayuko."

Alicheka kidogo, mke wangu anasema, kisha akaenda.

"Alisema nini kuhusu jina?" nilimuuliza.

"Jina gani?"

"La ukutani. Alilifuta?"

Tulikwenda kuangalia pamoja. Majina yote yalikuwa pale, juu ya masanduku matatu na juu ya mlango wa kibanda. Alileta ufunguo lakini hakufuta jina. Kwa sheria yetu hakuwa ameacha kazi. Nililiona hilo, nikaamua hapo hapo kwamba jina litabaki, na sijabadilisha.

Vita vya pili vilipoanza, kampuni ilikuwa imeondoka. Hapakuwa na direkta wala mshahara. Pamba iliyobaki ilikuwa ghorofani, na chini walijaa bamama na batoto waliokimbia vijiji vya barabarani, wakipika palepale ndani wakiogopa kutoka. Mimi nilibaki kwa sababu ya majiko hayo. Mama Alimasi akawa anashinda kibandani, ufunguo umefungwa katika kitenge kiunoni. Niliwafundisha wakimbizi jambo moja tu: moto ukitokea, musiite maji, ita Muhoza.

Vijana wenye silaha walioshika mji wakati ule walikuja kukaa chumba cha chini. Kamanda wao hakuwa mtu wa kelele. Alisimama mbele ya sanduku jekundu akasoma.

"Mzee, nani aliandika hii?"

"Mimi."

"Huyu ni mutu wa wapi?"

"Wa vali."

"Ninakuuliza kabila."

"Na mimi ninakujibu kazi."

"Futa."

"Jina linafutwa na mwenyewe."

"Na mwenyewe iko wapi?"

"Hilo ndilo nilitaka kuwauliza ninyi."

Walinipiga kwa vitako vya bunduki. Ubavu wangu wa kushoto unakumbuka kila kipupwe. Kijana mmoja mwenye kofia ya manyoya alikwangua majina yote manne kwa panga. Nilipoweza kusimama niliyaandika upya. Akayakwangua tena, nami nikaandika tena. Rangi iliisha, nikasaga tofali na kulichanganya na mawese. Bamama walinisihi niache. Niliwaambia mtu akijua jina lingine la kuita kwenye moshi, aniambie.

Katika miezi hiyo askari wa upande mwingine, wenye watu wa mlimani kati yao, walimuua dada yangu barabarani, akitoka shamba na mihogo. Nilimzika mwenyewe. Shemeji yangu alinijia na macho mekundu.

"Ndugu zao wamemuua dada yako, na wewe unachora jina lao?"

"Aliyemuua dada yangu simjui jina. Huyu ninamjua. Usiniambie nimlipe mmoja kwa mwingine."

Hakuongea nami muda mrefu. Sikumfuata.

Moto ulikuja mchana. Jiko liliangushwa, ukashika mabaki ya pamba kwenye nyufa za sakafu, ukapanda ngazi kabla hatujasema neno. Watu walikuwa juu pia, na ngazi ilikuwa moja. Nilifika ghorofa ya kwanza, nikakunjua tiyo, nikakazia lansi. Nilitaka kuita, moshi ukanikaba. Sauti haikutoka.

Nikasikia wengine. Mama mmoja nyuma yangu, kisha wengi: "Muhoza! Muhoza!" Kisha sauti za wanaume kutoka chumba cha chini, wale vijana, moshi umewaingia. Yule wa kofia ya manyoya alikuwa ametoa kichwa dirishani kuelekea kibandani, akiita jina alilolikwangua kwa panga lake, akiliita kwa nguvu kuliko wote.

Hewa ikapuliza. Tiyo ikavimba, pole. Mke wangu alikuwa amemtazama Muhoza miaka yote ile na alijua robo kwa robo. Tulipasua njia kwenye ngazi, watu wakashuka. Hakuna aliyekufa siku ile. Siku nyingine walikufa, lakini si kwa moto.

Kesho yake kamanda alikuja kibandani.

"Mzee, jina moja munahitaji, ninaelewa. Andika lingine. Andika la mama huyu, ndiye alifungua."

Mama Alimasi alijibu mwenyewe. "Mi niliazima kazi ya mutu. Jina langu liacheni nyumbani."

Kamanda alitazama ukuta, akaondoka. Hawakukwangua tena.

Waliokuja baada yao walikuwa wa upande ule mwingine. Ofisa wao alisoma jina, akatabasamu, akataka kunishika mkono. "Mzee, kumbe wewe ni mutu wetu."

"Mimi ni mutu wa lansi," nilimwambia. "Sikuliandika kwa ajili yenu." Mkono niliuacha ukining'inia. Kaburi la dada yangu lilikuwa bado halijaota majani.

Sikupata barua ya kustaafu. Hapakuwa na wa kuiandika. Lansi za shaba ziliibwa, nguzo ikang'olewa ikauzwa chuma chakavu, na tiyo zikakatwa mikanda ya kubebea kuni. Vali haikuondoka kwa sababu imeshikwa na saruji, na kwa sababu niliendelea kuitia mafuta. Vijana wananiambia, Mzee, ulipigwa kwa ajili ya rangi ukutani. Nawajibu kwamba kazi yetu yote ilikuwa kumwita mtu kwa jina lake na kuamini kwamba yuko. Anayeona hilo ni dogo hajawahi kushika lansi kavu ndani ya moshi.

Mwaka jana mfanyabiashara wa mpunga alinunua jengo. Aliziba nyufa za sitanki, akaweka nguzo mpya na tiyo mpya, akaniita nimfundishe zamu wake, mtu wa makamo kutoka Swima. Hata rangi alitaka kuipaka upya kwenye kuta zote. Nilimwambia atafute mwalimu mwingine basi. Alipaka chokaa kuzunguka majina.

Nilimweleza zamu kazi yote, nikampeleka ghorofa ya tatu, nikamwonyesha ukuta.

"Huyu Muhoza iko wapi, Mzee?"

"Hayuko."

"Sasa nikimwita, nani atafungua?"

"We ita tu."

Nilishuka kibandani. Magoti yangu yalichukua muda wake. Nilitia ufunguo kwenye vali, nikakaa juu ya jiwe. Juu nilisikia tiyo ikitandazwa, kisha sauti yake.

"Maji!"

Nilikaa.

"Mzee! Maji!"

Nilikaa. Mfanyabiashara alikuja mbio mlangoni akiniuliza kama nimelala au nimekuwa kiziwi. Nikamwonyesha kidole juu ya kichwa chake, kwenye jina. Alisoma, akatazama chini, akajitoa mlangoni.

Nilikaa. Kisha zamu akaita, kwa sauti ya mtu anayeona haya, lakini aliita.

"Muhoza!"

Nikafungua robo, nikasikiliza. Robo nyingine, nikasikiliza. Maji yakapanda.