Hakuna Maji Kabla ya Utepe

Mume wangu alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa Kanyenye, na kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mbio za kila mwaka za mji wetu. Wanakamati wote walikuwa wa kujitolea: wenye maduka, fundi seremala, karani wa reli. Kwa kuwa hakuna aliyelipwa, hakuna aliyevumilia kuulizwa. Walikutana barazani kwetu, nami nikiwapelekea kahawa.

Mwaka ninaousema, mbio zilipangwa Oktoba, kabla ya mvua, jua likiwa utosini, ili Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, amalize kwanza chakula chake ndipo aje kutoa kombe. Wakimbiaji wangeanzia kijiji kimoja upande wa Urambo, wafuate njia ya zamani ya misafara mpaka uwanjani.

Seremala alisema heri wamwombe dresa wa hospitali akae pale uwanjani na dawa zake. Mume wangu akacheka.

"Tunaandaa mbio au mazishi?"

Wote wakacheka naye. Kisha akatoa sheria yake: hakuna kunywa maji njiani. Aliamini maji yanaleta kichomi na kumkata mtu pumzi. Atakayekunywa ametolewa.

Mimi niliwekwa na mtungi Isevya, kwenye kona ya mwisho kabla ya uwanja. Maji yale yalikuwa ya wanakamati, si ya wakimbiaji.

Wa kwanza kutokea alikuwa kijana mkulima, Mkatoliki wa vijijini. Uso wake ulikuwa mkavu, chumvi imemganda mashavuni. Alisimama mbele yangu.

"Dada, maji."

Nilichota kwa kata. Mume wangu, aliyekuwa amesimama hapo na baiskeli yake, akanishika mkono hadi kata ikamwagika.

"Ukinywa, kombe huna," akamwambia.

Kijana aliangalia yale maji yakinywewa na vumbi. Akameza mate ambayo nadhani hakuwa nayo, akakimbia. Mume wangu akapanda baiskeli kumfuata.

Nyuma yake akaja fundi viatu wa palepale Isevya, mtu mzima, anachechemea. Sikungoja aombe. Nilimpa kata, akanywa, nikamjazia nyingine.

"Kombe na libaki na wenyewe," akasema, akiwa bado anahema.

Mume wangu aligeuza kichwa akatuona. Alirudi, akaupiga mtungi teke ukapasuka. "Huyu ametoka!" akapaza sauti. Watu waliopanga mstari barabarani wakaanza kumzomea fundi viatu: "Mlevi wa maji! Mlevi wa maji!" Alikwenda nyumbani kwake akizomewa mpaka mlangoni.

Nilipofika uwanjani, kijana alikwisha kukata utepe. Walikuwa wamempandisha juu ya meza, juani, kombe mikononi, na mume wangu anatoa hotuba. Alimshukuru Bwana Shauri, akawashukuru wanakamati mmoja mmoja. Kijana alikuwa anatetemeka kama mwenye baridi. Akaanza kusema Kinyamwezi na mtu asiyekuwepo. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni furaha.

Akaanguka kifudifudi.

"Msimzonge, atainuka," mume wangu akasema, akaendelea na hotuba.

Seremala na wenzake wawili waliigeuza ile meza, wakamlaza juu yake, wakambeba mbio hospitalini. Magharibi haikumkuta hai. Nyumbani, mume wangu alikula wali wake wote, akaniambia nimemwaibisha mbele ya watu kwa kumpa maji fundi viatu.

Baada ya mazishi, mama wa yule kijana alikuja dukani na kombe limefungwa kwenye kanga. Kamati ilikuwa imemtumia mtu kumwambia kombe ni la kupokezana, halikai kwa mtu.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu." Akaketi. "Wewe ndiye uliyekuwa na maji?"

"Ni mimi."

"Alikunywa?"

"Hakunywa, mama. Alizuiwa."

Akaifungua kanga. Mume wangu alitoka nyuma ya kaunta, akalipokea kombe, akaligeuzageuza mwangani, akauliza ni nani amelibonyeza ukingoni. Mama yule aliinuka, akaniuliza mimi njia ya kwenda stesheni. Nilimsindikiza.

Mwaka uliofuata mbio zilikuwepo, na mwenyekiti alikuwa yuleyule. Ila safari hii kijana mmoja wa Kizungu, mgeni wa Bwana Shauri, naye alitaka kukimbia, akauliza maji yatawekwa wapi. Jioni ileile kamati iliketi barazani. Wakakubaliana meza za maji ziwekwe njia nzima, na dresa akaalikwa kwa heshima zote.

"Lazima tuangalie usalama wa watu," mume wangu akasema, akanyoosha kikombe chake nimwongezee kahawa.

Nilimwongezea.