Kiapo cha Teunis Mwoga

Teunis Brouwer aliogopa kila kitu. Nasema mapema, asije mtu akadai namsengenya marehemu. Aliogopa farasi, aliogopa radi, aliogopa mbwa wa Borst mwenye kilabu, na daraja la mbao la kijito chetu alilizunguka nusu maili akavukie penye mawe. Yeye alikuwa fundi mapipa, miaka arobaini anapiga mapipa ya siagi na ya pombe ya matofaa, lakini mapipa yakipangwa matatu kwenda juu hapiti karibu. Watoto wa shule walimwita Teunis Mwoga. Sisi watu wazima, na akili zetu zote, tulimwita hivyo hivyo.

Mimi ni Ezra Mattice, bwana posta wa kijiji. Upande mmoja wa duka langu nauza chumvi na misumari, upande wa pili ndiyo posta. Kila mchana Teunis alikuja dirishani kwangu.

"Ezra, gari la barua limefika salama?"

"Limefika."

"Hakuna aliyeumia?"

"Aumie nani, bwana wee? Farasi wawili na mlevi mmoja!"

"Basi Mungu ashukuriwe," anasema, na anamaanisha kweli.

Mkewe Annatje alifariki zamani akamwachia mtoto mmoja tu, Harmen. Sijui damu ile ya ushujaa mtoto aliitoa wapi. Ana miaka minane alipanda paa la kanisa akakaa kileleni anakula tofaa, baba yake chini amejifunika uso kwa kofia. Vita vya Kaskazini na Kusini vilipoanza, Harmen akajiandikisha. Teunis alimsindikiza mpaka kwenye gari, akamfunga vifungo vya koti kama mtoto mdogo. Gari lilipopinda kona, akaenda nyuma ya kanisa akatapika.

Sasa niwaambie habari za vuli ya mwaka wa elfu moja mia nane sitini na nne, maana bila hiyo hamtanielewa, na ninataka mnielewe hata kama hamtanisamehe.

Jamani, tuliogopa mwaka ule! Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa nne na uchaguzi wa rais uko mlangoni. Wenzetu upande mmoja walisema Lincoln akirudi atawachukua vijana waliobaki jeshini kwa nguvu. Sisi upande wa pili tulisema McClellan, mpinzani wake, akishinda atapatana na Kusini, na watu watakuwa wamekufa bure. Uvumi ukaja kwamba kuna wapanda farasi wa Kusini wamevuka kutoka Kanada, wameiba benki kule Vermont, na sasa wanakuja kuchoma miji siku ya kura. Ukisikia mtu anakohoa nyuma ya ua, unashika bunduki. Jimbo letu la New York lilikuwa limepasuka katikati, na hakuna aliyejua litaangukia wapi.

Mwishoni mwa Oktoba Harmen akatuma kura yake. Ndivyo sheria ilivyokuwa: askari anapiga kura kambini, anaifunga kwenye bahasha, bahasha ile inatiwa ndani ya nyingine, inatumwa kwa mtu wa nyumbani aipeleke kituoni siku ya uchaguzi. Teunis aliipokea kwa ncha za vidole.

"Kachagua nani humu, Ezra?"

"Hairuhusiwi kufungua. Kaa nayo mpaka Jumanne ya tarehe nane."

"Nikiidondosha je?"

"Utaiokota! Lo, mzee wewe!"

Aliiweka ndani ya Biblia, akaifunga Biblia kwa kamba.

Siku chache baadaye habari za mapigano zikafika. Kijana mmoja wa kijiji cha jirani, aliye kombania moja ya jeshi na Harmen, aliwaandikia wazazi wake kwamba waliingia msituni karibu na Petersburg, kule Kusini, na wengi hawakutoka. Harmen hakumtaja. Tangu hapo Teunis akaacha kuuliza habari za gari.

"Kuna kitu changu?"

"Hamna."

"Angalia tena."

Naangalia tena. Hamna.

Ijumaa kabla ya uchaguzi akanijia mkubwa wa chama chetu kutoka makao ya wilaya. Kazi ya posta, muelewe, ilikuwa ya chama. Rais wenu akishinda unakaa, akishindwa unafunga virago. Aliegemea meza yangu akanywa kahawa yangu akasema, "Ezra, kata yako imening'inia kwa kura tano sita. Ikitupotea, mimi sitaweza kukutetea." Nina mke na mabinti wanne. Usiku ule sikulala.

Jumamosi mchana, tarehe tano, barua ikaja. Ya Teunis Brouwer, imeandikwa kwa mkono nisioujua, mwandiko mzuri wa kike, muhuri wa Philadelphia. Katika vita vile nilikuwa nimekwisha kuwakabidhi watu kumi na mmoja barua za mwandiko wa mgeni, na zote kumi na moja zilisema jambo moja. Nilizijua hata kwa uzito wake mkononi.

Nikasimama pale na ile barua. Nikawaza: Harmen amekufa. Kura ya maiti haihesabiwi. Teunis akiisoma hii, haji kituoni, na kura moja, tena ya askari, ambao wengi wao ni wa Lincoln, imekwenda. Halafu nikajiambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia: siku tatu hazitamfufua mtu. Nikaitia kwenye droo, chini ya misumari ya inchi mbili.

Haikupita nusu saa, Teunis huyo dirishani.

"Kuna kitu?"

"Hamna."

"Angalia tena."

Nikageuka, nikampa mgongo, nikapekua kisanduku kitupu. Nilipekua polepole mpaka uso wangu ulipotulia.

"Hamna, baba Harmen."

Jumapili kanisani nilikaa nyuma yake nikaangalia shingo yake muda wote wa mahubiri.

Jumanne mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kura tulipigia ukumbini kwa Borst, kwenye kilabu chake, maana ndipo penye jiko kubwa na viti. Mzee Bellinger ndiye msimamizi, kisanduku mbele yake. Mimi karani, naandika majina. Borst mwenyewe alisimama kando kuwakilisha chama cha McClellan, na mpiga kura yeyote akimtilia shaka, anayo haki ya kumpinga. Nje wanaume walisimama na marungu chini ya makoti, vyama vyote viwili, na kila mlango ukibamizwa tunashtuka wote.

Kwenye saa nane hivi akaingia Teunis, maji yanamchuruzika, Biblia imefungwa kitambaa cha nta kifuani.

"Umekuja kwa njia gani na kijito kimejaa?" Bellinger akamuuliza.

"Darajani," akasema.

Watu wakatazamana. Akapiga kura yake kwanza, kisha akafungua kamba, akatoa bahasha ya Harmen akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Napinga!" Borst akapaza sauti. "Samahani, mzee wangu, lakini napinga. Kombania ya Harmen imekwisha kule msituni, kila mtu amesikia. Kura ya maiti haipigwi ndani ya nyumba yangu. Aape kwamba mwanawe yu hai."

"Ala! Borst, huna haya?" mtu akasema nyuma.

"Haya ninayo. Na sheria ninayo pia."

Bellinger akavua miwani akaifuta, akaivaa. "Baba Harmen, ana haki ya kutaka hivyo. Unaweza kuapa?"

Mvua juu ya paa, basi. Teunis alikuwa anatetemeka mpaka kofia mkononi mwake inatikisika. Mjue kwamba mtu huyu hakuwahi kusema hata "naapa" la mazoea. Kwake kuapa uongo kulikuwa moto wa milele, moto wenyewe, wenye kuni. Nami karani nimeshika kalamu. Kataa, nikamwomba moyoni. Kataa, mzee, rudi nyumbani. Kura yenyewe potelea mbali.

"Mimi naogopa," Teunis akasema. "Mnajua wote. Mbwa wako, Borst, namwogopa mwaka wa kumi na mbili huu. Lakini nikisema sijui, nitakuwa nimemzika mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na hakuna aliyeniletea habari ya kumzika." Akanigeukia. "Barua zote zinapita kwa Ezra. Ezra, imekuja barua yoyote?"

Ukumbi mzima ukanitazama.

Nilikuwa na nafasi. Msinitafutie udhuru, nafasi ilikuwepo, ndefu na pana. Ningesema, ndiyo, ipo, nisamehe. Nikamwona mkubwa wa chama na kikombe chake cha kahawa. Nikawaona mabinti wangu. Nikauona na uso wa Teunis.

"Hamna," nikasema.

"Basi yu hai," akasema Teunis, akaweka kiganja juu ya Biblia. "Naapa mbele ya Mungu, mwanangu Harmen yu hai."

Mkono wake ulikuwa umetulia tuli. Bellinger akafungua bahasha, akachukua karatasi iliyokunjwa akaitia kisandukuni. Mimi nikaandika jina: Harmen Brouwer. Wino ukanimwagikia kidogo. Borst akavua kofia akaja kumshika Teunis mkono. "Usinichukie, mzee. Ni siasa tu."

Jua lilipotua tulifunga tukahesabu. Kata yetu tulishindwa kwa kura kumi na tisa. Kumi na tisa! Ya Harmen haikugusa kitu. Jimbo zima baadaye likampa Lincoln kwa kura zisizofika elfu saba kati ya zaidi ya laki saba, rais akabaki, nami nikabaki na posta yangu.

Lakini jioni ile sikuwa najua hayo. Nilitoka kwa Borst moja kwa moja dukani, nikaitoa barua chini ya misumari, nikaenda nayo kwenye mvua mpaka kwa Teunis.

"Imekuja," nikasema mlangoni. "Gari limechelewa."

Alirudi nyuma hatua mbili. "Nisomee wewe. Mimi siwezi."

Nikaifungua, nimejiandaa kwa maneno ninayoyajua. Nikaanza kusoma kwa sauti kabla sijaelewa ninachosoma. "Mheshimiwa Bwana Brouwer, naandika kwa niaba ya mwanao, aliye hapa hospitalini. Amekatwa mguu na ana homa kali, lakini yu hai na akili zake ni timamu. Anakuita kila saa. Tafadhali njoo upesi, usikawie hata siku moja." Imeandikwa tarehe mbili Novemba.

Teunis akanikumbatia. Alinibana mpaka mbavu zikaniuma, analia, anacheka. "Nilisema mimi! Si nilisema? Yu hai! Umeniletea mwanangu, Ezra, Mungu akubariki, Mungu awabariki wanao!"

Mimi nilisimama kama gogo.

Alfajiri akaondoka. Mtu yule, ambaye hakuwahi kukaribia garimoshi, alipanda garimoshi, akapanda meli ya mtoni, akapanda garimoshi tena. Akafika Philadelphia Ijumaa asubuhi. Harmen alikuwa amefariki Alhamisi.

Alirudi na jeneza, tukazika kando ya Annatje. Wiki moja baadaye akaja dirishani.

"Muuguzi ameniambia alikuwa anautazama mlango," akasema. "Tangu Jumapili anautazama. Kila mtu akiingia anainua kichwa. Lakini Jumanne alikuwa hai, Ezra. Kiapo changu ni safi."

"Ni safi," nikasema.

Aliitoa ile barua mfukoni, akaitandaza juu ya meza, akaweka kidole juu ya tarehe.

"Barua kutoka Philadelphia mpaka hapa huchukua siku ngapi?"

"Tatu."

"Tatu," akasema. Nikamwona anahesabu, midomo inacheza: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Kisha akaniangalia usoni, muda mrefu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mimi ndiye niliyemwogopa Teunis Brouwer.

"Mvua," nikasema. "Barabara zilikuwa mbaya."

Mvua ilianza Jumanne. Yeye alijua, nami nilijua.

"Mvua," akasema. Akaikunja barua vizuri kwa mikunjo yake ya zamani, akavaa kofia, akatoka. Nilimtazama kupitia kioo akishuka mpaka darajani, akavuka.

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, jirani yangu, hatua mia mbili. Akinikuta njiani alinisalimu vizuri. Lakini dukani kwangu hakuingia tena mpaka anakufa. Barua zake chache alimtuma Borst azichukue.