Nepi za Mstari

Kulikuwa na dobi ambaye hakuwahi kuona kitambaa akakiacha kilivyo. Mtaa mzima walimwita Bwana Mstari, kwa sababu suruali ikitoka mikononi mwake ilikuwa na mstari wa kukatia mkate. Leso alizipiga pasi pande zote mbili. Hata taulo la nyumbani kwake alilitia kanji, ule unga wa kukazia nguo, likasimama lenyewe kwenye msumari, na wageni wakazoea kujifuta mikono kwenye nguo zao kimyakimya.

Mdomo nao alikuwa nao. Dobi husoma shuka kama wengine wanavyosoma gazeti, na habari aliyoisoma Bwana Mstari haikulala. Mteja akileta shuka lililolowa usiku, alimwuliza kwa upole kabisa, mbele ya watu, kama kwake mvua ilinyesha ndani. Watu walicheka, mwenye shuka akacheka kuliko wote ili yaishe, na safari nyingine akapeleka nguo zake kwingine. Wahenga walishaonya kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini Bwana Mstari aliona methali zilitungwa kwa ajili ya watu wasio na sabuni.

Alikuwa na mbwa jike aliyeitwa Mlinzi, ambaye hakuwahi kumlinda mtu. Kazi yake ilikuwa kulala chini ya meza ya pasi na kusikiliza. Tangu watoto waoe na kuolewa, ni Mlinzi peke yake aliyekubali kuzisikia mpaka mwisho hotuba za Bwana Mstari kuhusu madoa ya wino. Mkewe, waliyefanya naye kazi chumba kimoja, alishazishiba. Ukimwuliza dobi, alikuambia mbwa ni mbwa tu. Na kila mchana alimkatia nusu ya nyama yake.

Asubuhi moja gari lililowaletea sabuni lilirudi nyuma bila dereva kutazama, na Mlinzi alikuwa amejinyoosha nyuma ya gurudumu akiota jua, likamkanyaga mgongo. Hakufa. Dereva alishuka, akaomba radhi, akawaachia katoni nzima ya sabuni kama pole. Bwana Mstari alitaka kumtupia katoni yake. Mkewe, mwenye akili ya kesho, aliisukumia chini ya rafu.

Daktari wa mifugo alikuwa binti wa mikono miepesi na maneno machache. Alisema uti wa mgongo umeumia ila haukukatika, na miguu ya nyuma huenda ikarudi. Shida ni kibofu. Mlinzi hakuhisi tena haja ndogo: mkojo ulijaa, mwingine ukavuja wenyewe, mwingine ukabaki ndani. Ukibaki unaoza na kupanda kwenye figo, na hapo mbwa anakufa. Ukivuja ukakaa kwenye ngozi, ngozi inaungua na kufanya vidonda. Basi kazi ni mbili, alisema. Kumkamua kwa mkono mara kadhaa kwa siku, na kumweka mkavu kwa vitambaa safi na laini.

Kazi ya kwanza ilimtoa dobi jasho. Aliambiwa aweke viganja pande mbili za tumbo, karibu na mapaja, apapase mpaka apate kitu cha mviringo kama puto la maji, kisha abane taratibu. Lakini mikono ile ilikuwa imeinua pasi ya chuma tangu ujana. Alipobana, Mlinzi aliguna, na hakikutoka kitu. Alijaribu tena, mbwa akamgeuzia macho ya kumwomba aache.

Mkewe alimsogeza kidogo kwa kiwiko. "Baba watoto, hilo si blanketi. Mshike kama hariri."

Hapo alielewa. Hariri huipigi pasi kwa nguvu. Unapunguza uzito wa mkono na kuuacha usubiri. Alisubiri, na punde mkojo ukatoka ukaingia kwenye beseni bila kelele, ukaendelea kutoka. Mtu aliyeuchukia mkojo kuliko doa lolote alisimama akiutazama kwa furaha tupu, akamtangazia mkewe, aliyekuwa amesimama papo hapo, kwamba umetoka wote.

Kazi ya pili hakuuliza mtu. Kuuliza si ujinga, lakini dobi gani akaulize habari za vitambaa? Alichukua mashuka ambayo wenyewe hawakurudi kuyafuata, akayakata nepi, akazipinda kingo, akatoboa tundu la mkia. Zikichafuka alizichemsha, akazitia dawa ya kung'arisha, akazichovya kwenye kanji na kuzipiga pasi. Kila nepi ilikuwa na mstari katikati.

Alizianika kwenye kamba ya mbele, upande wa barabara, kwa kuwa jua zuri lilikuwa huko. Siku hiyohiyo watu wakaanza kumpongeza mkewe, bibi wa wajukuu, kwa kupata mtoto mwingine uzeeni. Jirani mmoja, mke wa fundi viatu, alikuja na poda na soksi ndogo za kufumwa, akaomba kumwona mtoto. Akaonyeshwa. Mtoto alikuwa amelala juu ya meza ya pasi, mkia nje. Jirani alimtazama kwa makini, akasema kafanana na baba yake, akarudi na soksi zake.

Kufika jioni habari ilikuwa imezunguka mtaa wote. Wateja wa zamani, hata wale waliohama, walikumbuka ghafla kwamba wana shati la kufua. Mmoja aliegemea kaunta, akatazama dari, akauliza kwa upole kama humu ndani mvua imenyesha. Bwana Mstari alijikaza kisabuni, akamwandikia risiti.

Kicheko alikivumilia. Kilichomtisha ni kwamba Mlinzi alianza kujigeuza na kuzing'ata zile nepi. Ngozi ya mapaja ikawa nyekundu, kisha ikachubuka, kisha ikafunguka. Dobi alilisoma jambo hilo kidobi: penye shida pana uchafu. Akaongeza dawa ya kung'arisha, akaongeza kanji, akapiga pasi mara mbili. Vidonda navyo vikaongezeka, na yeye akakosa hamu ya kula. Nyama yake yote sasa ilikwenda kwa mbwa, ambaye naye aliikataa.

Daktari aliporudi, aliifunua nepi akavikagua vidonda. Kisha akauliza anamfunga na nini. Bwana Mstari alileta bunda zima, jeupe, limepangwa kingo kwa kingo. Pamoja na hayo yote aliona fahari kidogo. Binti aliichukua moja, akajisugua nayo ndani ya mkono, pale ngozi ilipo nyembamba. Ikamwachia alama.

"Mzee, hii ni msasa," alisema. "Unamkwangua mgonjwa mchana kutwa. Na hiyo dawa inamchoma palipochubuka."

Dobi alisema zilikuwa safi. Daktari akakubali, hajapata kuona safi kama hizo. Halafu akasema lililokuwa zito. Vidonda vimeingia ndani. Akirudi akivikuta vimefika kwenye mfupa, atamchoma sindano ya kumlaza asiamke, maana kumwacha itakuwa ukatili. Aoshwe kwa maji matupu, akaushwe, apakwe dawa, apigwe upepo. Na vitambaa viwe vimechakaa, vya kulegea.

Mlango ulipofungwa, Bwana Mstari alikaa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Alisema mtu anaweza kuua kwa usafi. Mkewe hakumbishia, wala hakumsimanga. Alilitoa bunda lile nje, akalitumbukiza kwenye maji.

Kuanzia hapo, mtaa uliona maajabu. Nepi zilioshwa kwa sabuni ya dereva, zikasuuzwa mpaka maji yakanywika, kisha dobi akazikamua, akazivuruga, akazifikicha kiganja kwa kiganja mpaka zikalegea. Akazianika zilivyo, zimekunjamana, palepale mbele ya barabara. Wapita njia walisema Bwana Mstari amezeeka sasa, mikono imemwisha. Mteja mmoja wa suti alisimama akaitazama kamba ile, akaenda na suti zake mbele. Dobi alimwona akienda, akarudi ndani kumkamua mbwa wake. Iliuma, asidanganye mtu. Lakini usiku alikuwa akivipapasa vile vidonda kingo zake, akiona kama vinajifunga, na hilo ndilo lililomlaza au kumnyima usingizi.

Vilijifunga. Daktari alipokuja tena, alikuta ngozi mpya, na Mlinzi amesimama kwa miguu minne akiyumba kama mlevi anayedai hakunywa. Binti alicheka kwa mara ya kwanza. Alimpima mgongo, akamfinya vidole, akambonyeza tumbo, akarudia. Kisha cheko likamtoka usoni, akavuta kiti.

Alisema miguu imerudi, ila kibofu hakitarudi. Kingerudi, kingeshaonyesha dalili. Mlinzi atavuja na kukamuliwa maisha yake yote, na bado ana umri wa kuishi. Wenye mbwa wengi wakifika hapa huomba ile sindano, na hakuna anayewalaumu, kwa sababu kufua kila siku si mchezo. Akamwomba mzee afikirie bila haraka.

Mkewe aliisimamisha pasi. Mlinzi alikuwa ameegemea mguu wa dobi, kwa kuwa bado hakuweza kusimama muda mrefu peke yake, na nepi yake ilikuwa imeanza kulowa.

"Daktari, mimi nguo ikinishinda humrudishia mwenyewe," alisema Bwana Mstari. "Sasa huyu nimrudishie nani? Mwenyewe si ndiye mimi?"

Akainama kufungua nepi. Mkewe akarudi kwenye shati la mteja, akalipiga pasi bega lilelile mara tatu bila kuliona.