Nilivyojisifu Kwale

Mpaka leo nikimsikia mtu akijisifu roho hunichefuka. Kwetu Munje, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mtoto aliyejisifu alitazamwa kama aliyetema mate sebuleni. Ukiulizwa unajua nini, unasema najaribu. Ukiulizwa nani kafanya, unasema Mungu kajaalia. Adabu hiyo ndiyo niliyokwenda nayo Kwale, kusailiwa na watu wa chuo kikuu waliokuwa wakichagua wanafunzi wa uhandisi wa mitambo.

Uhandisi niliutaka kuliko kitu chochote. Pampu ya kisima cha msikiti wetu ilipokufa, niliifungua mimi peke yangu, nikasafisha vipuri, nikakata washa mpya, ile pete ya kuzuia maji yasivuje, kwa ngozi ya kiatu, ikatoa maji.

Wasaili walikuwa watatu, wamekaa wanakunywa chai. Niliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, nikasimama kungoja kuambiwa keti. Wapi! Mwenye miwani, mkubwa wao, akaniuliza kama nimewahi kutengeneza mashine yoyote.

"Tulijaribu pampu moja ya msikitini, Mungu akajaalia," nikajibu, macho chini, maana mkubwa hakodolewi.

"Mlijaribu na nani?"

"Na wenzangu." Sikuwa na mwenzangu yeyote.

"Hesabu unaziweza?"

"Kidogo, inshallah." Na darasani hakuna aliyenishinda.

Akacheka, akawaambia wenzake mbele yangu kwamba watu wa pwani wakiguswa na grisi hukimbilia kuoga. Akachovya andazi kwenye chai, akatafuna, akaniashiria mlango. Nilikirihika mpaka mate yakawa machungu. Aliyenifuata alikuwa kijana wa bara, wazazi wake wamepewa shamba huku kwetu. Nilimsikia toka barazani akijitangaza: mimi hodari, mimi wa kwanza. Wakamchukua. Yeye simlaumu, ndivyo alivyofunzwa kwao.

Mwaka mzima nilipaka grisi mashine za kukamua miwa kiwandani, na sikukimbilia kuoga. Kisha nikarudi Kwale. Mwenye miwani alikuwa yule yule, na chai yake.

Safari hii niliketi bila kuambiwa, nikamkazia macho.

"Kutoka Likoni mpaka Vanga hakuna anayejua mitambo kunishinda," nikasema. "Pampu iliyowashinda watu wazima niliitengeneza mimi. Hesabu msiniulize. Mkiniacha mtajuta."

Nilikuwa nanadi kama wauza mbuzi wa Taru, na mbuzi mwenyewe nilikuwa mimi. Wao wakafurahi, wakatazamana. Mwenye miwani akaninyoshea mkono, akasema sasa huyu ndiye mhandisi. Pampu ni ile ile, na aliyeitengeneza ni yule yule! Mkono wake ulikuwa na mafuta ya andazi. Nilipofika nje nikaufuta wangu kwenye suruali, nikaufuta tena.

Nyumbani nilimkuta mama akikuna nazi. Nilipomwambia nimechukuliwa, akasema alhamdulillahi, machozi yakamtoka. Kisha akataka kujua waliniuliza nini na mimi nilijibu nini. Nikamweleza neno kwa neno, sikumficha kitu.

Akaacha kukuna. Hakunigombeza. Akainuka, akateka maji mtungini kwa kata, akanipa.

"Kasukutue kinywa kwanza, mwanangu, ndipo tumshukuru Mungu."

Nikatoka uani, nikasukutua, nikarudi. Akanitazama, kisha akaijaza ile kata tena.