Sahani ya Ng'ombe wa Miguu Mitano

Msiba wa bibi ulipokwisha, nilibaki jikoni na mfuko wa taka, nikitupa vyombo vya foili. Majirani na watu wa kanisani walituletea pilau, maharage, kuku, Mungu awabariki. Ila ndugu yangu, hakukuwa na chombo hata kimoja cha kurudisha. Nikainua macho ukutani, kwenye sahani za bibi.

Ni sahani kuukuu za Kiingereza, nyeupe, zenye michoro ya bluu: madaraja, miti, ng'ombe wakinywa maji. Zilianza na moja. Nilikuwa mtoto, tunakaa Malvern, huku ughaibuni, na jirani yetu, mama mzee wa Kiingereza, alikuwa akizikusanya. Siku moja alituletea keki juu ya sahani. Bibi akaiosha, akaijaza maandazi, akanituma.

"Mwambie bibi yako sahani nimempa," jirani akaniambia, huku anakula andazi palepale mlangoni.

Wiki iliyofuata akaileta tena, na biskuti. Bibi akaijaza sambusa.

"Bibi, kasema ni yako!"

"Nimesikia. Kwa hiyo nikae nayo, mwenzangu asionje mkono wangu? Peleka. Uvivu huo umeutoa wapi?"

Ikaenda, ikarudi, miaka. Jirani alimwonyesha bibi kwamba mchoro ulichapwa kwenye karatasi, ukabandikwa kwa mkono, na ncha za karatasi zilipokutana mistari haikulingana. Kwenye sahani yetu zilikutana juu ya ng'ombe, akapata miguu mitano. Bibi alicheka kila alipoiosha.

Kisha msimu mmoja wa baridi jirani akahamishiwa nyumba ya wazee bila sisi kujua. Sahani ilikuwa zamu yetu. Tulipogonga kwake na maandazi ya moto, alifungua fundi wa rangi; ndiye aliyetuambia kahamishwa, wapi hajui. Tukarudi nayo imejaa. Maandazi yalikaa mezani mpaka yakakauka.

Tangu hapo, kila kiangazi, watu walipotandaza vitu vya kuuza mbele ya gereji zao, bibi alitafuta sahani za bluu. "Asikae peke yake," alisema, akimaanisha ng'ombe wake.

Basi jioni ile ya mfuko wa taka niliishusha ukutani ile sahani ya ng'ombe, nikaiosha ingawa ilikuwa safi. Anayekuletea chakula kwenye chombo cha kutupa anakuonea huruma, hataki kukupa kazi. Najua. Lakini kazi ile ya kurudisha chombo ndiyo iliyompeleka bibi kwenye mlango wa mtu asiyejua lugha yake. Mfuko ulipojaa niliufunga. Sikuwa na mlango wa kugonga.