Taa ya Ndani ya Gari

Asubuhi ile mie nilikuwa Al Wukair, nje kidogo ya Doha, napiga pasi mapazia ya chumba cha Hajati. Bwana Haidari, mwajiri wangu, Mwiraki, alikwishampatia mama yake, huyo Hajati, viza ya Doha, na alitaka chumba kiwe na dirisha la bustani. Nilimnunulia Hajati shela nyeusi laini, nikaikunja juu ya kitanda.

"Utakwenda nami kumchukua," Bwana Haidari akaniambia. "Hawezi kusafiri bila mwanamke wa kumshika."

Jamaa zangu Unguja waliposikia nakwenda Iraq, wakaniona nimerukwa na akili. Nikaenda.

Tulimkuta Hajati kwao, mcheshi, ila kifua kilimbana. Njiani kurudi, Bwana Haidari alinifunza adabu za vizuizi vya askari: ukikaribia, zima taa za mbele, washa ya ndani, teremsha vioo, mikono ionekane. Askari wanataka kuona nyuso kabla hawajakuogopa. Tulipita gari dogo limetobolewatobolewa kwa risasi, ndara za watoto zimezagaa kando ya lami. Hajati akasoma dua, mie nikaitikia amina.

Kizuizi cha mwisho tulikifikia baada ya magharibi. Joto lilimzidi Hajati, kifua kinapiga miluzi. Nilikuwa nimemvua mtandio nipate kumpepea, nywele zake nyeupe zimemwagika mabegani.

Bwana Haidari akazima taa za mbele. Akawasha ya ndani, ile ya katikati ya dari.

Kurunzi ikatumulika.

Hajati akanishika goti. "Wanaume wananiona kichwa wazi," akanong'ona.

Mkono wake ukapanda. Taa ikazimika.

Wakapiga risasi.

Mie nilitoka mzima. Bwana Haidari alijeruhiwa bega. Hajati alikata roho mapajani kwangu, na nikawahi kumfunika nywele kabla hawajafungua mlango. Askari mmoja, kijana, alikuwa akirudia tu kwamba taa ilizimika, taa ilizimika.

Tukarudi Doha wawili. Chumba kikafungwa, mapazia yangu yananing'inia.

Miaka ikapita, Bwana Haidari hakuacha zile adabu za vizuizi. Kila jioni tukifika kwenye geti la makazi yetu, anazima za mbele, anawasha ya ndani, anateremsha vioo vyote. Na kila mara, wallahi, kabla hatujalifikia geti, taa ya ndani inazimika yenyewe. Fundi akabadili balbu, akabadili nyaya. Gari likauzwa. La pili nalo likawa vilevile. Nilikuwa nikikaa nyuma, nasoma dua.

Otieno, mlinzi wa getini, aliniuliza siku moja, "Sista, huyu mdosi wako yuko sawa kweli?"

"Mwache," nikamjibu. "Mazoea ya kwao hayo."

Kilichokuwa kikimla Bwana Haidari nilikijua. Aliamini balbu mbovu ndiyo iliyomuua mama yake, na kwamba angeibadili kabla ya safari, angekuwa naye. Mara kwa mara aliniuliza, "Mwanaidi, niliwasha?" Nami nikimjibu, "Uliwasha, bwana." Zaidi ya hapo ulimi haukuenda. Nimwambie mama yake ndiye aliyeizima? Roho yangu ilikataa.

Jioni moja, tunatoka sokoni, niliona nimechoka na lile giza. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimeichukua ile shela chumbani, sijui hata nilikusudia nini. Tulipolikaribia geti nikaikunjua, nikaitandaza juu ya kiti kilicho wazi kando yangu, toka pale pa kuegemeza kichwa hadi chini. Nilifanya taratibu, kama unavyomstiri mgonjwa.

Taa haikuzimika.

Tukafika mpaka getini, inawaka. Otieno akanyanyua mti wa geti. Bwana Haidari hakuondoka. Alikuwa akitazama kwenye kioo, anaitazama shela.

"Alikuwa kichwa wazi?" akauliza.

"Joto lilimzidi, bwana."

Akainamia usukani, mabega yanamtikisika. Nikalia na mie. Mama wa watu kafia stara yake, na mwanawe kabeba lawama ya balbu miaka yote hiyo, na mie nilikuwa nikimtazama akiibeba. Gari la nyuma yetu likapiga honi.

Bwana Haidari akapangusa macho, akanyoosha mkono nyuma mpaka darini, akaizima taa mwenyewe.

Tukapita geti gizani. Hakuna aliyetupiga.